Paipu renchi feki ya jukwaani: mbao, sponji ama printa ya 3D?

KaratasiNaGundi: Wasee, tuko wanne tunatengenezea mchezo paipu renchi ya inchi 18, ile nyekundu ya mafundi wa maji. Kuna mahali jamaa anapigwa nayo mgongoni so ya chuma haiwezi, hiyo ni kama kilo mbili unusu. Mmoja wetu anataka mbao, mwingine printa, mimi niko upande wa sponji. Tuko na siku tisa.

MamaStoo: Kama inagusa mtu ni sponji, maliza. Mbao hata uchonge aje bado ni rungu. Chukueni ile mikeka ya watoto ya kuunganisha, ni EVA tu hiyo, sponji ngumu, bandikeni tabaka tatu na gundi ya viatu. Pakeni pande zote mbili mngoje dakika kumi hivi, ukigusa isishike kidole ndio mbandike, watu huharakisha hapo na kichwa kinang'oka mbele ya watu.

Msasa254: Mama yuko sawa lakini meno na ile nati ya kuzungusha kwa sponji hukaa mkate. Hizo mbili tu mchape na printa, kwa ile ya kushikwa karibu na watazamaji, si ile ya kupiga. Mistari ya printa ijazwe na bodi fila ya magari, Kirinyaga Road iko, halafu msasa. Na msiache PLA, ile plastiki ya printa, kwa dashibodi juani, ikifika nyuzi 60 inalainika, yangu ilitoka ndizi.

FundiKamukunji: Mnabishania mwili na rangi ndio huumbua. EVA ipitishiwe hewa moto mpaka uso ufunge, kisha gundi nyeupe ya mbao mara mbili tatu, la sivyo inakunywa rangi yote. Nyeusi kwanza, halafu unga wa risasi ya penseli usugue na kidole, inang'aa chuma kabisa. Nyekundu mwisho, na iruke pale mkono hushika.

MamaStoo: Na mwigizaji afanye mazoezi na ya chuma siku mbili, akizoea uzito mkono utakumbuka. Wengi hubeba hizi za sponji kama chapati. Mwingine awe nyuma ya pazia na ile ya kweli, ya sponji ikiwekwa mezani yeye anaangusha yake, isikike chuma.

KaratasiNaGundi: Asante mama, asanteni wote. Mtu wa mbao amehamishwa pazia, amenuna kidogo. Shida imebaki moja, ya chuma tuliomba keateka wa ploti na leo asubuhi bomba la ghorofa ya tatu limepasuka.