Kitovu cha kichanga: spiriti, mafuta ya nazi, jeli au kiachwe kikauke chenyewe? Nipo nje ya duka la dawa hapa

BabaKijacho_Mbagala
Wakuu habari za jioni. Wife kajifungua juzi Jumatatu, dume kilo 3.1, mama na mtoto wazima alhamdulillah. Sasa nimesimama nje ya duka la dawa, nimetumwa vitu tofauti na kila mtu ana sababu zake. Mama yangu anataka spiriti na pamba, anasema sisi wote sita tulikua hivyohivyo. Mama mkwe kaingia jana kutoka Tanga na chupa yake ya mafuta ya nazi, yeye dukani hana shida napo ila nimletee chumvi. Nesi aliyeturuhusu alisema msiweke kitu, kitu chochote, na wife anamwamini nesi ila akiwa mbele ya mama yake anakuwa bubu. Halafu huyu muuza dawa ananambia kuna jeli ya klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, ndo mpango mzima siku hizi. Nilinganishieni, kipi kinakausha haraka na kipi salama. Na msinambie niulize hospitali, nishauliza, shida yangu nyumba ina mama wawili na mimi ndo natumwa

mama_wa_wawili
Hongera sana baba kijacho, badili jina sasa hahaha. Mimi wa kwanza nilimpaka spiriti asubuhi mchana jioni, kikadondoka siku ya 14 na muda wote nalia kwamba hakikauki. Wa pili sikuweka kitu, nakunja tu nepi chini ya kitovu kipate hewa, siku ya 7 asubuhi nakikuta kwenye kanga. Najua watoto wawili sio utafiti ila mimi spiriti siirudii, afu ile harufu yake kwenye chumba cha mzazi mmh

Kipanga2
Spiriti oyeee. Tumepakwa na tupo hapa

NesiZamuYaUsiku
Kipanga2 mpo nyie mliopo, waliopata shida hawapo hapa kuandika.

Baba kijacho ngoja nikueleze kinachotokea pale maana ukikijua utaweza kuongea na hao mama zako. Ndani ya kitovu kuna mishipa mitatu ya damu, mtoto akishazaliwa na kitovu kikabanwa ile mishipa inajifunga, kipande kinachobaki hakipati damu tena kwa hiyo kinakufa, kinanyauka, kinakuwa cheusi kama kijiti. Hakina mishipa ya fahamu, ndo maana kukikata hakumuumi mtoto. Kinachokiachanisha na tumbo ni kukauka kwenyewe pamoja na wale vijidudu wa kawaida wanaokaa kwenye ngozi, wanafanya kazi yao pale kwenye shina. Ukimwaga spiriti unawaua na hao, matokeo yake kinachelewa kudondoka, alichokiona mama_wa_wawili sisi tunakiona kila siku. Spiriti haijamuua mtu ila haina faida kwa mtoto mzima aliyezaliwa pasafi, ni mazoea tu na sisi manesi ndo tuliyaeneza miaka ile, tukubali.

Mafuta yanakilainisha na kukitia unyevu, wakati unataka kikauke. Chumvi, majivu, mate, mavi ya ng'ombe (ndio bado yapo, msishangae) pale ni kidonda kibichi na njia ya kwenda kwenye damu iko wazi, pepopunda ya watoto wachanga ilikuwa inapitia hapohapo. Sitaki kusikia.

Jeli ni habari nyingine. Shirika la Afya Duniani wanasema kitovu kiwe kisafi na kikavu, basi. Jeli ya klorheksidini asilimia 7.1, mara moja kwa siku kwa wiki ya kwanza, wanaishauri kule ambako watu wana tabia ya kuweka vitu vya hatari kama hivyo vya ng'ombe. Kwa hiyo sio "ya kisasa" kwamba kila mtoto anaihitaji. Na usishangae ukiipaka kitovu kikachukua siku zaidi kudondoka.

MtuWaWete
Nesi umenikumbusha, kwetu Pemba ilifanyika ile tafiti kubwa ya hii dawa, watoto zaidi ya elfu 36, wengine wanapakwa klorheksidini wengine wanaachiwa kikavu. Matokeo yakachapishwa 2016 na kwenye vifo hawakuona tofauti ya kushikika. Kule Nepal walikoanzia vifo vilikuwa vimepungua kama robo hivi ila kule wanawake wengi walikuwa wanazalia nyumbani. Kwa hiyo mtu anayekuuzia anatakiwa akuulize kwanza umezalia wapi, huyo wako kakuuliza?

BabaKijacho_Mbagala
Hajauliza, kauliza kama nna chenji

wanjiru_wa_Thika
Kwetu Kenya tulipewa hiyo jeli bure kliniki, katyubu kadogo tu. Nyanya yake akaiweka pamoja na dawa ya macho ya mtoto, usiku stima zimepotea, mimi na tochi ya simu karibu niweke hiyo kwa macho ya mtoto. Namshukuru Mungu nilisoma kwanza. Ukinunua weka mbali kabisa

NesiZamuYaUsiku
Wanjiru asante, hilo watu wawili watatu walisome tena. Klorheksidini ikiingia jichoni inaunguza, kuna watoto wamepoteza macho kwa kosa hilohilo. Ikitokea osha kwa maji safi mengi hapohapo na ukimbie hospitali.

ShangaziWaPangani
Kijana wangu, shikamoo ya mkweo umeitikia vizuri? Usimcheke huyo mama. Kwetu kitovu cha mtoto wa kiume kinalindwa, kikidondokea kwenye uume mtoto hatakuwa mwanamume kamili ukubwani, ndo maana mafuta, kilainike kiondoke mapema kikiwa mkononi mwa mtu mzima. Hiyo chumvi sijui katoa wapi lakini mafuta nayaelewa

NesiZamuYaUsiku
Shangazi shikamoo. Hiyo ya kudondokea haina ukweli kitaalamu lakini hofu yake naijua, nimeona mama kakifunga kitovu kwa kitambaa kikaoza humohumo kwa woga huo. Baba kijacho fanya hivi, mpe mama mkwe cheo. Yeye ndo awe mlinzi wa kitovu, kila nepi ikibadilishwa anawe mikono kwa sabuni, akitazame, akunje nepi ishuke chini ya kitovu, hapo kimetenganishwa na huko anakokuogopea. Mafuta yake ya nazi apake miguu na mikono ya mtoto baada ya kuoga, asipande tumboni. Kikichafuka na mkojo au choo, maji safi na sabuni kidogo, kisha kausha kwa kitambaa kisafi. Utandoutando wa njano na harufu kidogo ni kawaida.

Kinachokutoa mbio nyumbani hata usiku wa manane ni hiki: wekundu kwenye ngozi ya tumbo kuzunguka kitovu, usaha, harufu kali, damu isiyokoma, joto 37.5 na kwenda juu au mwili wa baridi chini ya 35.5, mtoto kugoma kunyonya au kulegea. Hapo usiulize jukwaani.

Kipanga2
Kwa hiyo hanunui kitu?

mama_wa_wawili
Anunue sabuni, na wife wake anywe uji

BabaKijacho_Mbagala
Mrejesho. Siku ile nilirudi na sabuni ya mche na kipimajoto, mama akaniuliza spiriti iko wapi nikasema imeisha dukani, Mungu anisamehe. Cheo mama mkwe kakipokea kwa mikono miwili, hata mimi nikitaka kumbeba mwanangu naulizwa umenawa? Chumvi imeishia kwenye mchuzi. Kitovu kimedondoka leo siku ya 9, saa kumi alfajiri, ndani ya kanga, kimeacha doa dogo la damu tu na pakavu. Sasa mama mkwe kakifunga kwenye kiberiti anasema kinaenda kuzikwa chini ya mnazi Tanga na mama yangu anasema mtoto wa Kingoni kitovu chake kinazikwa Songea. Nesi hilo nalo una jibu?

NesiZamuYaUsiku
Hapana hilo la kwenu