Bara au kisiwani? Naomba ushauri kabla ya kusaini

Wanajumuiya, salaam. Nimepata kazi sehemu mbili, Ujerumani na Ireland, na mishahara haipishani sana. Rafiki kanionya: kisiwani utajifungia mwenyewe. Ni kweli au maneno tu?

—

Hongera ndugu. Nimeishi pande zote mbili. Rafiki yako hajakosea sana, ila ameilaumu bahari bure. Kinachofunga ni karatasi.

Ukiwa na kibali cha ukaazi cha Ujerumani unaingia Ufaransa, Poland au Uholanzi bila viza, hadi siku 90 ndani ya kila siku 180, kwa sababu zote zimo Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zilizofuta ukaguzi wa kawaida kwenye mipaka kati yao. Unapanda treni asubuhi, mchana uko nchi nyingine. (Polisi bado hukagua, kwa hiyo pasi na kibali vitembee nawe.) Ireland imo Umoja wa Ulaya lakini haimo Schengen. Kibali chake hakikufikishi Paris. Utaomba viza, na miadi ya ubalozini haipatikani kesho. Tena jihadhari na Ireland Kaskazini: barabara inapita tu, huoni kizuizi, lakini hapo umeshaingia Uingereza, na ukaguzi hufanyika hata ndani ya mabasi.

Si visiwa vyote, lakini. Malta na Iceland zimezungukwa na maji na zote zimo Schengen.

Bahari yenyewe utaihisi safari zikikwama. Aprili 2010, majivu ya volkano ya Iceland yaliposimamisha ndege Ulaya kwa siku kadhaa, wa bara walijibanza kwenye treni na mabasi, wakafika kwa kuchelewa. Wa visiwani waligombania feri, na Waingereza wakawa angalau na ile treni ya chini ya bahari iliyoanza 1994.

Na kama una gari, fikiria mara mbili. Nchi za Ulaya zinazoendesha kushoto ni nne, Uingereza, Ireland, Malta na Kupro, zote za visiwa. Uswidi nayo ilikuwa kushoto. Ikahamia kulia mwaka 1967, kwa kuwa majirani zake wa nchi kavu walikuwa kulia.

—

Naongezea kidogo. Ramani inadanganya. Singapore ni kisiwa, lakini barabara mbili zinaiunganisha na Malaysia, na wapo wanaolala upande mmoja na kufanya kazi upande wa pili. Korea Kusini iko bara, ila mpaka wake pekee wa nchi kavu ni na Korea Kaskazini, nao umefungwa. Kutoka pale ni ndege au meli, sawa na kisiwani.

—

Asanteni sana. Dada yangu yuko Ubelgiji, na nilishamwahidi kumtembelea kila mwezi. Sikujua habari ya viza. Nawaandikia wa Ujerumani leo hii. Gari sina.