Mbio za bata wa mpira kuchangisha fedha: mshindi tunampataje bila ubishi, na bata tunawakusanyaje?

Katibu_Kamati
Habari wakuu. Kamati yetu inaandaa mbio za bata wa mpira mtoni kuchangia vitabu vya maktaba ya watoto: kila bata ana namba, watu wananunua tikiti za namba hizo, na mwenye namba ya bata anayefika kwanza ndiye mshindi. Mto una upana wa mita 12, maji ya magotini kandokando na ya kifuani katikati. Bata ni 2,000, wa sentimita 8, wale wenye kitundu cha mlio tumboni.

Naomba kujua: njia iwe ndefu kiasi gani? Wakifika hamsini kwa mpigo, nani wa kwanza? Na tukishampata, hao wengine tunawazuiaje wasiende na maji? Wazo tulilonalo ni kukinga wavu wa samaki kutoka ukingo hadi ukingo. Suala la kibali pia, kama kuna anayelifahamu.

Fundi_Mkondo
Wavu wa samaki weka kando, mkuu. Utanasa majani na vijiti, utaziba, na maji yakikosa pa kupita yatausukuma hadi vigingi ving'oke. Kinachofaa ni uzio unaoelea, maji yapite chini yake. Chukua mabomba ya plastiki ya milimita 110, kata vipande vya mita 2, ziba ncha zote, viunge kwa kamba. Chini yake ning'iniza sketi ya wavu wa kivuli, sentimita 15 hivi, yenye mnyororo mwembamba pindoni ili isielee. Bila sketi, bata wakirundikana wa nyuma huwakandamiza wa mbele, nao huchomokea chini ya bomba.

Uzio usiukinge kuukabili mkondo. Ulaze mshazari kuelekea ukingo wenye maji tulivu na mahali pa kusimama. Kwa mita 12, ukiulaza nyuzi 30 na mkondo unahitaji mita 24, yaani vipande 12. Bata watateleza ubavuni mwa uzio na kujipeleka wenyewe kwa wachotaji. Weka uzio wa pili mita 30 hadi 50 chini yake kwa watoro, na usiutoe mpaka hesabu ikamilike.

Urefu wa njia unaamuliwa na mkondo. Tupia chungwa katikati ya mto, pima sekunde zake kwa mita 20. Chungwa kwa sababu huzama karibu lote, upepo hauna pa kulishika. Likitumia sekunde 50, kasi ni mita 0.4 kwa sekunde, na mita 300 zitachukua dakika 12 na nusu. Zaidi ya dakika 20 watazamaji huanza kuondoka. Chini ya dakika 5, walioko mwanzoni hawawahi kufika mwisho.

Sasa mshindi, ambapo ndipo ugomvi wote huzaliwa. Kabla bata hawajafika kwenye uzio mkuu, upande mkondo unakotoka, tengeneza V ya maboya, kila mkono mita 6 hadi 8, ncha yake iishie kwenye mfereji wa mbao mbili wenye upana wa sentimita 12 na urefu wa mita 2. Kwa bata wa sentimita 8, mfereji wa 12 hauruhusu wawili sambamba. Ukiuweka 16 watajibana wawili wawili na kuziba, kama mahindi kwenye mdomo wa gunia. Hata ukiwa 12, kwenye kona ya V watajenga tao na kusimama. Mtu mmoja mwenye kasia alivunje kwa kusukuma maji, asiguse bata.

Mwisho wa mfereji wakae watu watatu. Wa kwanza anatoa bata na kumweka kwenye ubao wenye nafasi zilizoandikwa 1 hadi 20. Wa pili anasoma namba baada ya bata kutua kwenye ubao, si kabla. Wa tatu anaandika. Ubao ukijaa, upigwe picha na mfereji ufungwe.

Bata_Mkavu
Niongeze kuhusu bata wenyewe, maana wa aina hiyo wana visa viwili.

Kwanza kitundu. Bata akikaa juani, hewa ndani yake hupata joto na kutanuka. Akiingia maji baridi hewa inasinyaa, na kile kitundu kinavuta maji ndani. Nusu ya bata wako watakuwa wanalalia ubavu kabla ya kumaliza, na mwezi unaofuata ndani kumeota ukungu mweusi. Ziba kila kitundu kwa tone la silikoni la ukubwa wa punje ya mtama, waache saa 24 kabla ya kuwagusisha maji.

Asiyevuta maji, kwa upande mwingine, hazami. Januari 1992 meli ya mizigo ilidondosha kontena katika Pasifiki likiwa na vitu vya watoto vya kuchezea bafuni takriban 28,800, bata wakiwemo. Havikuwa na matundu, na miaka mingi baadaye vilikuwa bado vinaokotwa fukweni. Kwa hiyo ule uzio wa pili wa Fundi si wa hiari.

Pili uzito. Bata mtupu hupinduka na kuelea chali. Kabla ya kuziba, jaribu kumi kwenye beseni: mlaze ubavu, akijiinua mwenyewe yuko sawa. Asipojiinua, mgandishie nati ya chuma tumboni kwa nje, katikati kabisa, maana ikienda pembeni ataogelea amepinda.

Namba ziandikwe tumboni kwa kalamu ya wino usiofutika, tarakimu nne, na mstari chini yake. Msilidharau hilo. 0661 ikigeuzwa inasomeka 1990, na zote mbili ni namba zenu halali. Picha ya ubao haitawaokoa hapo.

Mwekahazina
Kibali: katika nchi nyingi hii ni bahati nasibu, kwa sababu mshindi hapatikani kwa ujuzi. Waulizeni wanaosimamia michezo ya kubahatisha kabla ya kuchapa tikiti, kwa kuwa mara nyingi sheria husema tikiti iandikwe nini. Wasimamizi wa mto na mwenye ardhi ya ukingoni ni maombi mengine, tofauti.

Mnachouza ni namba, bata ni mali ya kamati. Liandikwe kwenye tikiti, la sivyo jioni hiyo mtazungukwa na watoto wanaodai bata wao, na mwakani mtanunua upya.

Namba ambazo hazikununuliwa zisiingie majini. Fungeni mauzo usiku uliotangulia, toeni bata wasio na mwenyewe, kisha ndipo mchanganye. Bata wakikaa kwenye magunia ya mia mia kwa mpangilio, kazi hiyo ni ya saa moja au mbili. Wakishachanganywa ni ya kutwa nzima. Na mchanganye kwelikweli, kwa sababu wa juu ya lundo ndio huingia majini kwanza.

Kanuni moja zaidi iwe kwenye tikiti: mto ukifurika, washindi watatolewa kwa kuchagua bata kwenye pipa, siku ileile. Bila sentensi hiyo mtashawishika kuingiza watu kwenye maji mabaya.

Katibu_Kamati
Ahsanteni sana. Limebaki la upepo. Mchana huwa unavuma kinyume na mkondo.

Fundi_Mkondo
Basi waachieni asubuhi. Bata hukaa juu ya maji kama tanga, na kwenye mkondo wa 0.4 upepo wa kawaida tu unaweza kuwasimamisha au kuwarudisha. Kuwe na pampu ya maji pale mwanzoni, mrushe maji nyuma ya kundi. Wanaokwama kwenye matete wasukumwe kwa mti mrefu kurudi katikati, pale pale walipo, asirushwe bata mbele. Mwenye kuingia maji ya kifuani avae jaketi la kuokolea, hata kama anajua kuogelea.

Na mkiwamwaga kutoka darajani kwa wavu, uloweshwe kidogo iwezekanavyo. Wavu uliolowa hubaki na bata kumi au kumi na tano kwenye mikunjo, na wenye namba hizo watakuwa wanatazama.