Naomba ushauri: nataka kustaafu kwa hiari, na sitaki mradi wowote

Mwalimu wa Jioni:

Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo yenu, hasa ninyi mliokwisha kustaafu.

Ni mwalimu wa sekondari hapa Dodoma, niliajiriwa 1997. Nimetimiza miaka 55, kwa hiyo naruhusiwa kustaafu kwa hiari bila kungoja 60 ya lazima. Nyumbani ni Muheza. Nina nyumba ya vyumba viwili aliyoiacha marehemu baba, na michungwa kama arobaini, mingine imeshazeeka.

Kila ninayemdokezea ananiuliza kabla sijamaliza kusema: "Umejipangaje? Utafungua nini?" Wenzangu wanaokaribia kutoka hawana habari nyingine ila kuku wa kisasa, fremu za kupangisha na bajaji mbili za kuanzia. Nikisema nataka kulima kidogo, kusoma, kusali na kumpeleka mama yangu kliniki, wananitazama kama mgonjwa. Shemeji ameniambia wazi kwamba mwanaume asiye na mradi anangoja kufa.

Nina daftari gumu nililolianza mwaka nilioajiriwa. Ukurasa wa kwanza: baiskeli, redio, godoro la sita kwa sita. Nilivipata vyote, nikavikata kwa wino mwekundu. Zikafuata pikipiki, kiwanja, bati, tofali elfu tatu, ada za watoto wanne, na televisheni kubwa zaidi baada ya jirani kununua yake. Juzi nimelipitia lote. Hakuna siku hata moja ambayo orodha ile iliwahi kubaki imekatwa yote. Nikikata mstari, naongeza miwili chini. Miaka 28! Nikalifunga nikasema basi, imetosha. Jioni ileile nikalifungua tena nikaandika: tangi la maji, lita 2,000.

Naogopa kwamba nikianzisha mradi nitakuwa nimehamisha mbio kutoka shuleni kwenda bandani. Nisipoanzisha, naogopa nitawaponza watu wangu huku nikijiita mtu aliyekinai. Mlioko huko, je, mtu anaweza kweli kuacha kutaka?

Nesi Mstaafu:

Mwalimu, hongera na pole. Mimi nina mwaka wa nne tangu nistaafu kwa lazima. Miezi ya kwanza niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikaoga, nikavaa, nikakaa kitandani na mkoba mapajani sina pa kwenda. Mkupuo, yaani ile pesa ya mafao inayolipwa kwa mara moja, ulipoingia nikajenga banda, nikaweka vifaranga 600 wa nyama. Sikuwa na shida ya pesa wakati ule. Nilitaka wifi yangu aone.

Kideri kiliingia wiki ya tatu. Ndani ya siku nne banda lilikuwa kimya. Mimi na kijana wa jirani tulichimba shimo nyuma ya choo, tukawazika kwa toroli, safari baada ya safari. Nililia sana. Lakini usiku ule nililala usingizi ambao sikuwahi kuulala tangu nianze kazi, na mpaka leo naufikiria.

Sasa nina kuku wa kienyeji kumi na mmoja, namjua kila mmoja kwa tabia yake. Kutaka hakujaisha, mwalimu. Nikitamani kitu siku hizi najiuliza kwanza: ningekitaka kama hakuna mtu wa kukiona?

Mhasibu wa Wilaya:

Tuzungumze namba, maana roho haitulii kama namba hazijulikani. Kwa watumishi tunaochangia PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma: chukua miezi uliyochangia (miaka 28 ni 336), zidisha kwa mshahara wa mwaka, yaani wastani wa miaka mitatu iliyo bora katika kumi ya mwisho, kisha gawanya kwa 580. Tuseme mshahara wako ni 1,400,000 kwa mwezi. Inatoka kama 9,730,000, ndiyo pensheni kamili ya mwaka. Asilimia 40 ya hiyo mara 12.5 ndiyo mkupuo, karibu milioni 48.7. Asilimia 60 inayobaki, ukigawa kwa 12, ni kama 486,000 kila mwezi. Kabla ya bajeti ya 2024/25 mkupuo wa walimu ulikuwa asilimia 33.

Laki nne na themanini Muheza, nyumba yako, michungwa yako: mnaishi. Ila kama una mkopo unaokatwa kwenye mshahara, maliza huo kwanza. Nimeona wastaafu ambao mkupuo wao uliishia kwenye deni kabla hawajaushika. Kaulize pia bima ya afya ya anayestaafu kwa hiari ikoje, kwako na kwa mwenzi wako. Na mtu akikupigia simu kwamba yeye ni ofisa wa mfuko, utume kwanza kiasi fulani ili faili liende, kata simu. Mwisho, mtoto wa mwisho yuko darasa gani?

Kijana wa Stendi:

Shikamoo mzee. Nisamehe, nitasema linaloniuma. Mama yangu ni mama lishe, ana miaka 61. Hana mfuko wala tarehe ya kustaafu. Magoti yakimzidi, siku hiyo jiko haliwaki na kwetu hatuli. Hana tamaa hata chembe, nguo yake ya sikukuu ni ileile, na bado anaamka saa tisa usiku kuchambua maharage. Wewe umefunguliwa mlango wa kutokea. Pita, mzee, usione aibu. Ila ukikaa barazani ukumbuke kuna wanaokimbia bila kutamani chochote.

Mwalimu wa Jioni:

Marahaba kijana wangu. Nimesoma, nikaweka simu chini kwa muda. Mfikishie mama shikamoo yangu.

Mhasibu, mkopo nilimaliza mwaka jana. Wa mwisho yuko kidato cha sita, anafanya mtihani mwezi wa tano.

Bibi wa Ngamiani:

Kaka yangu, nimerudia kusoma. Umemtaja baba, mama, shemeji, hata jirani na televisheni yake. Mkeo hujamtaja mahali popote. Yeye anasemaje? Ukiwa barazani na kitabu chako, chai ya saa nne ataichemsha nani? Yeye anastaafu lini?

Mwalimu wa Jioni:

Dada, swali lako lilininyima usingizi. Jana usiku nilikaa na mama watoto, nikamsomea daftari lote tangu 1997. Alicheka kwenye televisheni. Tulipofika kwenye tangi nikamwambia hilo nalifuta, ndiyo tamaa yangu ya mwisho. Akanyamaza. Kisha akasema kila tukienda Muheza likizo, yeye na mama yangu ndio wanaoteremka kisimani, ndoo mbili asubuhi na mbili jioni, na kile kilima wakati wa mvua kinateleza. Akasema, "Wewe kastaafu, mimi sikuzuii. Lakini nikihamia kule kwa ndoo, mimi nitakuwa nimeajiriwa upya."

Miaka yote ile sijawahi kubeba ndoo hata moja kutoka kisima kile.

Barua nimeiandika, iko kwenye droo bila tarehe. Nitaijaza mtoto akishafanya mtihani. Banda la kuku halipo, fremu haipo. Jumamosi nakwenda na mama watoto kuulizia bei ya tangi na mabomba ya kukinga maji ya bati, na yeye ndiye atakayechagua lita ngapi.