Mjadala: Mwanafunzi asiyesafiri afunguliwe Zoom, au achanganywe na mgeni aliye naye darasani?

Mleta mada
Wakuu, kuna hoja inapigiwa debe vyuoni: kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza asome walau kozi moja kwa mtandao pamoja na wenzake wa Ulaya au Marekani, maana wengi wetu hatutapata nafasi ya kusoma nje hata muhula mmoja. Nia ni njema. Njia ndiyo siikubali.

Wazo la kumpa asiyesafiri uzoefu wa kimataifa akiwa nyumbani ("internationalisation at home") lilipewa jina mwaka 1999 na Bengt Nilsson wa Chuo Kikuu cha Malmö, Uswidi. Chuo chao kilifunguliwa 1998, hakijapata vyuo rafiki vya kubadilishana wanafunzi, ila mji umejaa wahamiaji. Akaanza na hao waliopo. Sisi tumelidaka wazo, sehemu hiyo tukairuka.

Nilisoma sheria ya ardhi. Darasani tulikuwa na Mrundi. Zikifika semina mhadhiri anasema "jipangeni," basi yeye anabaki na wageni wenzake. Wiki nzima tulijadili migogoro ya wakulima na wafugaji ya Kilosa, hakuna aliyemuuliza habari za kwao, ambako wakimbizi wa 1972 walirudi wakakuta mashamba yao yana watu wengine. Na wengi wao walikuwa wakiishi hapa hapa kwetu Tanzania, kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba na Mishamo!

Mkazi wa Mabibo
Mkuu, kukaa pamoja peke yake hakufundishi. Mimi nilikaa chumba kimoja na Mganda, tuliongea Arsenal mpaka tukahitimu. Kozi ya mtandao ina kazi ya pamoja na ina maksi, usipoelewana na mwenzako unakula sapu, yaani unarudia mtihani. Chuo Kikuu cha Jimbo la New York kina kituo cha kozi hizi tangu 2006, si majaribio tena.

Mwalimu msaidizi
Nimesimamia kozi moja ya hivyo, na Wamarekani. Saa tatu asubuhi kwao ni saa kumi jioni kwetu, waifai ya maktaba imeelemewa, vijana wananunua bando kwa hela ya boom, ile ya mkopo ya kujikimu. Hilo linavumilika. Kilichoniudhi ni jinsi kazi ilivyogawanyika. Mada ilikuwa maji: wa kwetu wakaleta visima vilivyokauka, Wamarekani wakaleta suluhisho. Hakuna aliyewauliza kuhusu Flint, Michigan, ambako mwaka 2014 mji ulibadili chanzo cha maji na madini ya risasi yakaanza kutoka kwenye bomba. Sisi tulikuwa sampuli tu.

Mkazi wa Mabibo
Hapo mwenye kosa ni aliyetunga mada. Mtandao unauonea bure.

Mleta mada
Kwenye maksi umenishinda, nakubali. Basi maksi hizo hizo zihamie semina za kawaida: kundi lisilo na mtu wa nchi nyingine, pale darasa linapokuwa naye, lisisahihishwe. Na swali lidai kulinganisha nchi mbili, asiwe mgeni wa kujaza orodha. Zoom ibaki kwa madarasa yenye Watanzania watupu.

Mwaka wa pili
Darasa letu tunasimama mpaka mlangoni. Nani atapanga hayo makundi? Mhadhiri hata majina yetu hayajui.

Mwalimu msaidizi
Fomu ya usajili ina uraia. Mpe CR, kiongozi wa darasa, orodha, anamaliza jioni moja. Mimi naogopa zaidi Mrundi mmoja kugombewa na makundi kumi, halafu kila kundi linataka awasemee Warundi wote.