Watafiti wa vyuo vikuu: mlipima kuta zetu Kibirizi, majibu yetu yako wapi?

Ndugu wanajamvi, salaam.

Ninaandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Mwaka 2021, maji ya Ziwa Tanganyika yalipokuwa yameshaingia kwenye nyumba za mwambao wa Kibirizi hapa Kigoma, walifika mtaani kwetu wanafunzi wanne pamoja na mhadhiri wao kutoka chuo kikuu kimoja ambacho sitakitaja. Barua yao ya utambulisho ilikuwa imepita mkoani, wilayani, manispaa na kwenye kata, ikigongwa muhuri kila ilipopita, na ilipofika kwa mwenyekiti wa mtaa nikapangiwa mimi kuwatembeza nyumba kwa nyumba. Nilifanya hivyo kwa siku sita.

Kwetu, mama yangu ndiye aliyewashikia utepe. Walipima kimo cha alama ambayo maji yaliacha ukutani, wakapiga mstari wa rangi nyekundu na kuandika namba pembeni yake. Walihesabu hatua kutoka chooni hadi kisimani. Walimuuliza maji ya kunywa anachota wapi, nani kaumwa tumbo masika ile, na amepata hasara kiasi gani tangu mchanga aliokuwa akianikia dagaa ufunikwe na ziwa. Mama alikaa nao zaidi ya saa nzima. Kuku walianza kudokoa dagaa wake kwenye turubai, akawatazama tu, hakuinuka, kwa sababu aliona wageni wameleta jambo la maana. Mwishoni akapewa fomu ya ridhaa iliyoandikwa kwa Kiingereza. Kijana mmoja akamsomea kwa Kiswahili, na sentensi ya mwisho mama anaikumbuka hadi leo: matokeo yatarejeshwa kwa wananchi. Akatia dole gumba.

Hakurudi mtu. Mwaka 2024 ziwa likapanda zaidi ya pale, maji yakaupita ule mstari mwekundu, na sisi tukahamisha vitu usiku kwa kubahatisha kama watu ambao hawajawahi kupimwa wala kuulizwa chochote.

Mwaka huu mpwa wangu anayesoma chuoni hapo aliikuta tasnifu maktabani. Imeandikwa kwa Kiingereza, hairuhusiwi kuazimwa, na alichoweza ni kupiga picha ukurasa mmoja tu na kunitumia kwenye simu. Picha iliyomo ni ukuta wetu. Ule mstari unaonekana, na ndoo ya mama pia inaonekana pembeni.

Sasa niwaeleze kwa nini jambo hili linaniuma, maana najua wapo watakaosema utafiti ni kazi ya wasomi na hauwahusu wavuvi na wauza dagaa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mita 60 kutoka ukingo upi? Ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, Mto Lukuga ulio upande wa Kongo, na kwa sababu hiyo mvua zikizidi miaka kadhaa mfululizo linajaa na kuchelewa kushuka. Wazee wa Ujiji hawahitaji shahada kulijua hilo: pale Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871 palikuwa jirani na maji, na leo kutoka kwenye mnara wa kumbukumbu ya kukutana kwao hadi ufukweni ni mwendo. Miaka ya 1960 likapanda tena, halafu likarudi nyuma, watu wakajenga kwenye ardhi lililoiacha. Mtu anayetaka kujua ajenge wapi, achimbe choo wapi, kisima kipi kifungwe kabla kipindupindu hakijaingia, anahitaji vipimo vile vile ambavyo vijana wale walivichukua kwetu. Vipo. Vimekaa kwenye rafu, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwenye ukuta vilikotoka.

Nimeambiwa pia kwamba mrejesho hufanyika. Ndiyo, hufanyika ukumbini, kwa maofisa wanaosaini karatasi ya posho, kwa siku moja, kwa lugha ambayo mama yangu haielewi. Huo sikubali kuuita mrejesho kwa wananchi. Ibara ya 18 ya Katiba inatupa haki ya kupewa taarifa kuhusu masuala muhimu kwa jamii, na sijui ni suala gani lingekuwa muhimu kwa Kibirizi kuliko kimo cha maji.

Ninachodai hakihitaji mfadhili. Barua iliyoweza kushuka kutoka mkoani hadi mtaani wakati wa kuja kutuuliza inaweza kushuka tena ikiwa na kurasa mbili za Kiswahili na ramani moja, zikabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya mtaa na kusomwa kwenye mkutano mkuu wa mtaa kabla mvua za Novemba hazijaanza. Redio za hapa Kigoma zingezisoma pia. Zinasikilizwa hadi ndani ya mitumbwi. Na wenyeviti wa mitaa wanaosoma uzi huu, nawaomba msigonge tena muhuri kwenye barua ya mtafiti yeyote mpaka aandike tarehe atakayorudi na jina la atakayewajibika asiporudi.

Kama kuna mwanajamvi aliyekuwa kwenye msafara ule wa 2021, au anayemfahamu aliyekuwamo, namwomba aniandikie hapa hapa. Nahitaji jedwali la vipimo vya mtaa wetu, hasa visima. Mama ameshaanza kukusanya tofali za kujenga upya, na kila jioni ananiuliza aanzie wapi msingi.