Mjadala: General Motors ilipookolewa na serikali mwaka 2009, nani hasa aliokolewa?

Mleta mada

Wakuu, salaam.

Kila tukibishana kuhusu shirika la umma linalokula ruzuku mwaka nenda mwaka rudi, hazipiti dakika tano kabla mtu hajaibuka na hoja yake: "Mbona hata Marekani, baba wa soko huria, waliiokoa General Motors?" Wiki iliyopita nimeambiwa hivyo mara mbili. Nimechoka kujibu vipande vipande, leo nauweka mezani mzima.

Kwa wasiofuatilia. GM ilianzishwa Flint, Michigan, mwaka 1908 na William Durant, tajiri wa magari ya kukokotwa na farasi. Alinunua kampuni kama anayeokota embe: Buick, Oldsmobile, Cadillac. Madeni yakamzidi akatimuliwa mwaka 1910, akarudi kupitia Chevrolet, akatimuliwa tena 1920. Kwa hiyo madeni kwa GM si ugonjwa wa juzi. Baada yake akaja Alfred Sloan, mtu wa hesabu na nidhamu, akapanga magari kwa ngazi: Chevrolet ya mwenye kipato kidogo, Cadillac ya mwenye nazo, na katikati ngazi za kupandia. Miaka ya 1950 karibu nusu ya magari mapya Marekani yalitoka kwao. Mwaka 1955 ikawa kampuni ya kwanza nchini humo kupata faida ya zaidi ya dola bilioni 1 kwa mwaka mmoja.

Ukubwa huohuo ndio uliozaa mikataba minono. Mwaka 1950 GM na chama cha wafanyakazi, UAW, walisaini mkataba wa miaka 5 wenye pensheni na matibabu ndani yake. Wakati ule waliostaafu walikuwa wachache. Kufikia 2008 wastaafu walikuwa wengi mara kadhaa kuliko waliopo kazini, huku Toyota na Honda wakiwa wameshakula soko. Sehemu ya GM katika soko la Marekani ilibaki asilimia 22 hivi. Hasara ya mwaka 2008 peke yake: dola bilioni 30.9.

Hapo ndipo wakuu wa GM, Ford na Chrysler walipokwenda Washington kuomba fedha, kila mmoja na ndege yake binafsi. Mbunge mmoja, Brad Sherman, aliwaambia anyooshe mkono aliyekuja kwa ndege ya abiria. Hakuna mkono. Anyooshe mkono aliye tayari kuiuza hiyo ndege na kurudi nyumbani kwa ndege ya abiria. Hakuna mkono. Mwezi uliofuata walirudi Washington wakiendesha magari, maana aibu nayo ni usafiri.

Seneti ikagoma. Rais Bush, akiwa amebakiza mwezi mmoja ofisini, akatoa mkopo wa dola bilioni 17.4 kutoka fungu la kunusuru mabenki; bilioni 13.4 kati yake zikaenda GM. Obama akaongeza masharti na fedha, akamwondoa mkurugenzi mkuu Rick Wagoner, na tarehe 1 Juni 2009 GM ikaomba kufilisika mahakamani New York. Siku 40 baadaye ikatoka "GM mpya". Serikali ya Marekani ikashika karibu asilimia 61 ya hisa, mfuko wa matibabu ya wastaafu wa UAW asilimia 17.5, Kanada na jimbo la Ontario karibu 12, na waliokuwa wameshika hatifungani, yaani walioikopesha GM ya zamani, wakapewa 10.

Msimamo wangu: kuiokoa ilikuwa sahihi. Lakini mbishi wa kijiweni anapoitaja GM, anafikiri serikali ilimwaga fedha mambo yakaendelea kama zamani. Sivyo. Kampuni ya zamani iliuawa kabisa, wenye hisa zake wakaondoka mikono mitupu. Ninachohoji ni nani alipandishwa kwenye mtumbwi mpya na nani aliachwa majini.

Mchumi Uchwara

Mkuu, umeandika vizuri ila umeruka fundo. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mwaka 1980 serikali ileile ilidhamini mikopo ya Chrysler, dola bilioni 1.5. Chrysler ikalipa mapema, mkuu wake Lee Iacocca akawa shujaa, wote wakapiga makofi. Matokeo yake? Mwaka 2008 Chrysler ileile ipo mlangoni na bakuli, safari hii imekuja na GM.

Hesabu haina siri. Hazina iliingiza GM dola bilioni 49.5 hivi, ikauza hisa ya mwisho Desemba 2013, ikarudishiwa kama bilioni 39. Zaidi ya bilioni 10 zimeyeyuka. Mwanasiasa Mitt Romney aliandika Novemba 2008 kwamba Detroit, yaani kampuni hizo za magari, iachwe ifilisike, akatukanwa. Mwisho wa siku si ilifilisika? Tofauti ni kwamba walipa kodi ndio waliolipia jeneza.

Na Ford je? Mwaka 2006 waliweka rehani karibu kila walichonacho, hadi nembo yao ya duara la bluu, wakakopa dola bilioni 23.6 kabla dhoruba haijafika. Mwenye akili alijiandaa, mzembe akaokolewa. Hilo ndilo somo mnataka tuwape wakurugenzi wetu?

Mleta mada

Mchumi, hiyo ya Ford nilijua itakuja. Basi imalizie. Mkuu wa Ford, Alan Mulally, alikaa meza moja na wenzake Washington akiunga mkono wapinzani wake wasaidiwe. Si kwa upendo. Wauza spea wanaoiuzia GM ndio hao hao wanaoiuzia Ford. GM ikisimama ghafla, mwenye kiwanda cha viti au cha breki anafunga ndani ya wiki, na Ford anakosa breki pia. Halafu mwaka 2009 Ford nayo ilichukua mkopo wa dola bilioni 5.9 kutoka Wizara ya Nishati. Ulikuwa mpango mwingine, lakini fedha ni ya mlipa kodi yuleyule.

Romney alitaka kufilisika kwa utaratibu mahakamani. Sawa. Kampuni ikiwa mahakamani huhitaji mtu wa kuikopesha ili iendelee kulipa mishahara na umeme wakati kesi inasikilizwa. Mwishoni mwa 2008 benki kubwa ya Lehman ilikuwa imeanguka miezi michache tu, mabenki yenyewe yanalia. Nani angetoa mabilioni hayo? Bila serikali kusingekuwa na utaratibu wowote, mashine zingeuzwa kwa kilo.

Mtazamaji

Nipo nasoma. Leteni chai.

Fundi wa Magomeni

Nyie wasomi mnapiga hesabu za mabilioni, mimi nizungumzie kitu cha chini ya dola moja.

Chevrolet Cobalt na nduguze walikuwa na swichi ya ufunguo mbovu. Ndani ya swichi kuna kipini kidogo kinachosukumwa na springi. Ndicho kinachoushika ufunguo usitoke mahali pake. Springi ilikuwa fupi, haina nguvu. Ukiwa na rundo zito la funguo, au goti likiugusa, au gari likipita shimo, ufunguo unajirudisha wenyewe. Injini inazima mwendoni. Usukani unakuwa mzito kama wa trekta. Na kwa sababu gari linadhani limezimwa, mifuko ya hewa haifumuki ukigonga.

Wahandisi walianza kuyaona matatizo ya swichi hiyo tangu 2001. Mwaka 2006 ikabadilishwa kimyakimya, springi ikawa ndefu. Lakini, na hapa mafundi wenzangu nisikilizeni, NAMBA YA SPEA HAIKUBADILISHWA. Yeyote aliyefanya kazi gereji anajua maana yake. Ukibadilisha kitu unabadilisha namba, ili fundi wa mbele ajue ya zamani ni ipi na mpya ni ipi. Usipobadilisha, umemfunga macho. Wachunguzi walilinganisha magari ya miaka tofauti wakashangaa kwa nini haya yanazima na yale hayazimi, ilhali kwenye karatasi swichi ni moja.

Magari hayakuitwa kurudi kurekebishwa hadi Februari 2014. Ya swichi hiyo yalifika milioni 2.6. Mfuko wa fidia wa GM ulikubali vifo 124.

Sasa niambieni: iliyoyaficha hayo ni GM gani, ya zamani au mpya?

Mchumi Uchwara

Fundi umenipa risasi. Angalieni tarehe. Desemba 2013 serikali inauza hisa ya mwisho. Februari 2014 habari ya swichi inalipuka. Miezi miwili!

Fundi wa Magomeni

Mchumi, taratibu. Sijasema serikali ilijua. Kilichofumua jambo ni kesi ya familia moja ya Georgia, mhandisi wao akazifungua swichi mbili na kuzilinganisha. Usinitoe kwenye spana ukanipeleka kwenye uganga.

Mtu wa Mombasa Road

Ndugu zangu, sisi wa Nairobi jina hili si la kusoma gazetini. General Motors ilikuwa na kiwanda hapa tangu miaka ya 1970, na Isuzu nyingi mnazoziona zikibeba mchanga ziliunganishwa hapo. Mwaka 2017 GM iliuza hisa zake, asilimia 57.7, kwa Isuzu wenyewe, na kibao nje kikabadilika kuwa Isuzu East Africa. Mwaka huohuo iliuza Opel ya Ulaya na kuacha kuuza magari Afrika Kusini. Kwa hiyo GM iliyookolewa ni kampuni iliyojifunza kukimbia mapema pasipo na faida. Kwa mwenye hisa ni uzuri. Kwa mwenye kiwanda kijijini kwake, sijui.

Binti Ohio

Mimi naishi kaskazini mashariki mwa Ohio, na huyo wa Mombasa Road amegusa palepale. Ile Cobalt ya Fundi iliundwa Lordstown, kiwanda kilichofunguliwa mwaka 1966. Ukipita barabara kuu unaona ukuta wake muda mrefu kabla haujaisha. Swichi yenyewe ilitoka Delphi, kampuni ya spea iliyokuwa tawi la GM mpaka 1999, na Delphi ilikuwa mwajiri mkubwa wa mji wa jirani, Warren.

Sasa someni mwaka 2009 mkiwa mmesimama hapa. Pensheni za Delphi zilitupwa kwa shirika la serikali la bima ya pensheni, ambalo lina kikomo cha malipo. Waliokuwa UAW, GM mpya iliwaongezea ili wapate haki yao yote. Waliokuwa wa mishahara ya ofisini, karibu 20,000 nchi nzima, hawakuongezewa kitu. Watu wawili wamefanya kazi jengo moja miaka 30, mmoja kapata yote, mwingine kapunjwa, kwa sababu mmoja alikuwa na kadi ya chama.

Na hata waliobaki na kazi walilipia. Kwa mkataba wa 2007, uliokazwa zaidi mwaka 2009, mfanyakazi mpya alianza kwa karibu nusu ya ujira wa mwenzake aliye pembeni yake kwenye mstari uleule, akifunga nati zilezile. Ilibidi mgomo wa 2023 ndipo pengo hilo lianze kuzibwa sawasawa.

Lordstown wenyewe walifunga Machi 2019. Mwaka 2017 Rais Trump alikuwa amewaambia watu wa huku wasiuze nyumba zao.

Mchumi Uchwara

Dada, hapo nimenyamaza kidogo. Ila huoni unathibitisha hoja yangu? Serikali ikishika kisu cha kugawa nyama, mwenye nguvu ya kura ndiye anayepata paja.

Binti Ohio

Kaka, mahakama bila serikali ingegawa nini? Mfupa. Mimi silalamiki nyama kugawanywa. Nalalamikia mizani.

Mleta mada

Mmenisaidia kufika nilikotaka. Fundi aliuliza ni GM gani. Swali hilo liliamuliwa mahakamani, mara mbili, kwa majibu mawili.

Utaratibu wa 2009 ulikuwa hivi: mali nzuri zinauzwa kwa GM mpya "zikiwa safi", madeni mabaya yanabaki kwenye ganda lililoitwa Motors Liquidation. Aliyeumia kwa ajali kabla ya Julai 2009 alibaki na ganda. Swichi ilipofichuka, GM mpya ikasema: hao hawatuhusu. Mwaka 2015 jaji wa kesi za kufilisika alikubaliana nayo kwa sehemu kubwa. Mwaka 2016 mahakama ya rufaa ikapindua: kampuni ilijua au ilipaswa kujua kasoro hiyo, haikuwaarifu wenye magari, basi haiwezi kujificha nyuma ya mauzo ambayo hawakupewa nafasi ya kuyapinga. Mahakama ya Juu ikakataa kuligusa mwaka 2017.

Kwa hiyo anayenitajia GM siku nyingine nitamuuliza: unataka wenye hisa wapoteze yote, mkurugenzi atolewe, na madeni ya siri yamfuate mnunuzi? Kama ndiyo, tuongee. Kama unataka fedha tu, usiitaje GM.

Mchumi Uchwara

Bilioni 10 bado sijazisahau.

Mleta mada

Wala mimi. Watafiti wa Michigan walikadiria ajira zaidi ya milioni 1 zingepotea mwaka 2009 pekee. Gawanya mwenyewe, kisha punguza kadiri unavyowaamini watafiti.

Fundi wa Magomeni

Na walioficha swichi, nani alifungwa?

Mleta mada

Hakuna. Kampuni ililipa dola milioni 900 mwaka 2015 kumalizana na waendesha mashtaka, na wafanyakazi 15 walifukuzwa.

Mtazamaji

Na wale wastaafu wa Delphi?

Binti Ohio

Walikaa mahakamani zaidi ya miaka 10. Mahakama ya Juu ilikataa kuwasikiliza mwaka 2022.